Tiketi ya getini sio bajeti ya safari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wazazi wenzangu, na ninyi wa gazeti pia, kuhusu hizi safari za kupeleka familia kwenye bustani kubwa za burudani, Disneyland, Universal, Legoland na zingine za namna hiyo. Kila likizo ikikaribia watu wanaulizana kiingilio bei gani, na kurasa za safari nazo zikiandika zinaandika kiingilio, basi mzazi anaichukua ile bei anazidisha kwa idadi ya watu wake, anajumlisha nauli, anaona mbona inawezekana, jioni anawatangazia watoto. Akishawatangazia imekwisha, kurudi nyuma hawezi tena, kuanzia hapo kila gharama inayojitokeza atailipa hata kwa kukopa, maana nani atakayewaambia watoto kwamba safari haipo?

Mi nasema hesabu tunaianza kinyume. Kwanza ijulikane hela yote ambayo nyumba inaweza kuitoa bila kugusa ada ya shule, kodi na akiba ya ugonjwa, iandikwe juu kabisa ya daftari, alafu safari ikatwe mpaka iingie ndani ya hiyo namba. Watoto waambiwe baada ya hapo.

Sababu ya kusema hivi ni kwamba kiingilio cha siku hizi hakina maana ile wazazi tunayodhani. Disneyland ya kule Anaheim, California, ilipofunguliwa Julai 1955 mtu mzima alilipa dola 1 getini, lakini ile dola ilikuwa ya kuingia tu, kila mchezo ulikuwa na tiketi yake. Vikaja vitabu vya kuponi zenye herufi, na kuanzia 1959 kuponi ya E ndio ilikuwa ya michezo mikubwa, kwaiyo mzazi akishika kitabu mkononi anaona kabisa zimebaki ngapi na mtoto anaona pia. Mwaka 1982 kuponi zikaondolewa, ukawa unalipa mara moja unapanda unachotaka mpaka jioni. Wengi wetu ndio picha tuliyonayo mpaka leo, lipa mara moja basi. Ila malipo ya ndani yamerudi kwa mlango mwingine. Disney walikuwa na FastPass tangu 1999, ya bure, unachukua muda wako unarudi baadae unapita foleni fupi. Mwaka 2021 ikafutwa, ikaja ya kulipia. Universal wana Express Pass ambayo bei yake inapanda na kushuka kulingana na siku. Sasa fikiria familia ya watu watano, kila mtu anatakiwa kuwa nayo maana huwezi kumpitisha mtoto mmoja foleni fupi wenzake wakabaki jua kali, hiyo ni karibu kama kununua tiketi nyingine juu ya tiketi, na mara nyingi watu wanaijua wakiwa tayari wako ndani na simu mkononi na watoto wamechoka kusimama. Uamuzi wa kulipia foleni ufanyike nyumbani, ndio au hapana, na kama ni hapana basi muwahi geti linapofunguliwa, yale masaa mawili ya kwanza foleni zinakuwa bado fupi.

Alafu tarehe. Tangu 2016 Disney Marekani wanauza tiketi ya siku moja kwa bei tofauti kulingana na tarehe, na bustani nyingi kubwa siku hizi zinafanya hivyo hivyo. Siku ambayo shule zimefungwa na kila mtu yuko likizo, bei iko juu, hoteli ziko juu, ndege iko juu, na foleni ndio ndefu kuliko siku zote. Kwa maneno mengine unalipa zaidi ili upande michezo michache zaidi! Najua watoto wana shule na mi sio mtu wa kumwambia mzazi amtoe mtoto darasani, lakini hata ndani ya likizo Jumanne sio sawa na Jumamosi, na wiki ya mwisho ambayo watu wameanza kurudi makwao sio sawa na wiki ya sikukuu. Fungua kalenda ya bei ya bustani yenyewe kabla hujaomba ruhusa kazini, maana wengi tunaomba ruhusa kwanza alafu tunaenda kuangalia bei, na hapo umeshajifunga.

Umri nao una hela yake. Kwenye bustani za Disney za Marekani mtoto chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi, kuanzia 3 mpaka 9 ana bei ya mtoto, akifika 10 ni mtu mzima. Na hiyo bei ya mtoto usiihesabie kama nusu, punguzo lenyewe ni dogo sana. Kwaiyo mwenye mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa kusogeza safari mbele au nyuma kidogo kunabadilisha hesabu yote.

Lakini mi kinachoniuma zaidi ni urefu. Michezo mikubwa ina kipimo, sentimita 102, 112, 122, inategemea na mchezo. Mnasimama foleni saa nzima, mnafika mbele, mfanyakazi anachukua ile fimbo anaiweka pembeni ya mtoto, mtoto anajinyoosha, ananyanyua visigino taratibu akidhani haonekani, na yule mfanyakazi kwa upole kabisa anamwambia bado kidogo. Uso wa mtoto pale hauelezeki. Na ukiangalia kwa upande wa bajeti umemlipia mtoto bei kamili ya bustani ambayo nusu ya vitu vyake haruhusiwi kuvigusa. Pima watoto nyumbani na viatu vyao, ingia kwenye ukurasa wa bustani, vipimo vyote vimeandikwa, hesabu ni michezo mingapi kila mtoto anaruhusiwa. Kama ni michache mpelekeni kwanza bustani za wadogo, Legoland kwa mfano imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, au subirini mwaka mmoja. Kusubiri mwaka hakumpunguzii mtoto kitu, anakuwa mrefu, na nyie mnakuwa na mwaka mzima wa kuweka hela kidogo kidogo badala ya kukimbilia mkopo. Na kwa wale ambao mna mkubwa na mdogo, Disney na Universal wana utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja anapanda na mkubwa mwingine anabaki na mdogo, alafu wanabadilishana bila kuanza foleni upya. Ni bure, unamuuliza tu mfanyakazi pale mlangoni mwa mchezo, nashangaa watu wengi hawaulizi.

Na sio lazima kila familia iende kule kule. Bustani hazitozi kwa namna moja. Tivoli ya Copenhagen, ipo tangu 1843, kiingilio ni kitu kimoja na michezo ni kitu kingine, kwaiyo bibi ambaye hana mpango wa kupanda chochote analipa kuingia tu, anatembea anaangalia maua, analinda mabegi, na nyie hamjamlipia rola kosta ambayo hata kuiangalia hataki. Knoebels ya Pennsylvania kuingia ni bure na kuegesha gari bure, unalipa mchezo unaopanda, mtindo ule ule wa zamani wa kuponi. Holiday World ya Indiana ukishalipa getini soda ni bure tangu mwaka 2000, na maegesho bure na losheni ya jua bure. Sasa chukua familia yenye wazee wawili na mtoto mchanga, chukua na nyingine yenye vijana wanne wanaopanda kuanzia asubuhi mpaka taa zinazimwa, hizo familia mbili bajeti zao hazifanani hata kidogo na bustani inayoifaa moja itaiumiza nyingine. Hayo ndio mambo ambayo ningependa kuyasoma kwenye kurasa za safari, kuliko kusoma tena ngome ina minara mingapi.

Chakula sitakaa nacho sana. Disney za Marekani zinaruhusu uingie na chakula na vinywaji vyako, wanakataza chupa za kioo na pombe, na kwenye vibanda vyao vya chakula ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bila kulipa. Bustani zingine zinakataza kabisa kuingia na chakula, kwaiyo soma masharti. Kuleni mshibe asubuhi mlipolala, bebeni vya kutafuna, mlo mmoja tu ndio mnunue ndani, na huo mmoja mle kwa raha bila kukunja sura kila mtoto akiagiza.

Maduka ndio naomba nikae nayo kidogo. Mchezo ukiisha mara nyingi njia ya kutokea inapita dukani, hamna njia nyingine. Mtoto bado moyo unamdunda, macho yamemtoka, mbele yake kuna ukuta mzima wa picha, na yake ipo, amepanua mdomo nywele zimesimama, na chini yake kuna midoli iliyopangwa usawa wa mkono wake kabisa. Mzazi naye amefurahi, amechoka, hataki kuharibu siku. Kila mmoja kwenye ile sekunde ana haki ya kutaka. Ukisema uamue pale pale utanunua, na utanunua kwenye mchezo unaofuata pia, na wa baada ya huo. Njia niliyoona inafanya kazi ni kumpa kila mtoto hela yake kabla hamjaondoka nyumbani, ya kwake kabisa, anaitunza mwenyewe, ikiisha imeisha. Utashangaa mtoto wa miaka saba anavyoshika mdoli, anageuza bei, anaurudisha, anasema ngoja nione kule mbele kwanza. Sio kumnyima ati, ni kumpa.

Hoteli nayo ina mambo yake. Ya mbali bei yake kwa usiku ni rahisi lakini asubuhi kuna usafiri, kuna maegesho ya kila siku, na yale masaa mawili mazuri ya kufungua geti mnayamalizia barabarani. Wanaolala kwenye hoteli za Walt Disney World kule Florida hawalipi maegesho ya bustani, wa nje wanalipa kila siku, kwaiyo linganisha jumla na jumla, sio chumba na chumba. Zingine zilikuwa zinaficha ada ya lazima mpaka ufike ukurasa wa kulipa, na Marekani tangu Mei 2025 kanuni inazitaka hoteli zionyeshe bei yote na ada zake tangu mwanzo. Mhariri, hapo ndipo ombi langu linapoanzia, nitalifikia.

Kwa wanaovuka mipaka, pasipoti na viza ziwe za kwanza kulipiwa na tiketi za bustani ziwe za mwisho. Ada ya viza kwa kawaida ni ya kila kichwa, mara nyingi hata mtoto mchanga yumo, na ukinyimwa hairudi. Na mkiwa kule mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa hela ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, maana ile ya kwenu wanakubadilishia kwa kiwango chao wenyewe na mara nyingi unapigwa.

Siku pia watu wanadanganyika nazo. Tiketi ya siku nyingi inafanya kila siku ionekane rahisi, basi mtu anaongeza siku mbili akidhani ameokoa, kumbe kila siku inakuja na chumba chake, mlo wake, maegesho yake na zile hela ndogo ndogo, na siku ya tatu watoto wanalia wamechoka na baba kakaa kwenye benchi amevua viatu. Mi ningechukua siku mbili zilizolipiwa kila kitu, na katikati siku moja ya kuogelea hotelini bila tiketi yoyote, kuliko siku tano za kusema hapana kuanzia asubuhi. Na ibaki hela pembeni isiyo na kazi, maana mtoto anaumwa tumbo, kiatu kinakatika, mvua inanyesha, na bustani nyingi kwa mvua hazirudishi hela.

Sasa ombi lenyewe. Mkiandika tena kuhusu bustani yoyote, ya karibu au ya ng'ambo, tunaomba muweke gharama ya familia ya watu wanne, wakubwa wawili na watoto wawili wa umri tofauti, siku ya kawaida na siku ya sikukuu, kuanzia mlangoni kwao mpaka warudi mlangoni kwao, pamoja na viza, maegesho, mlo, foleni ya kulipia kama ipo, na vipimo vya urefu. Kama hoteli zinaweza kulazimishwa kuonyesha bei yote, gazeti linaweza kuchagua kufanya hivyo bila kulazimishwa. Mkishindwa kuweka yote kwenye toleo moja, anzeni na vipimo vya urefu, hivyo havibadiliki badiliki kama bei na mtoto anaweza kupimwa leo jioni.

Mzazi na msomaji wenu wa siku nyingi