Kitanda huingia kabla ya ukuta

Sahibu yangu Idrisa,

Natumai barua hii inakukuta buheri wa afya. Mimi mzima, ila nyayo zinawaka moto kwa kusimama juu ya zege tangu alfajiri.

Unakumbuka ubishi wetu kuhusu ile picha ya nyumba ya magurudumu, ile ndefu kama basi, yenye chumba cha kulala nyuma na jokofu la milango miwili? Uliniuliza: mlango wenyewe ni mwembamba, mtu mnene anaingia ubavu, sasa kitanda kile kilipita wapi? Wewe ulishika kwamba gari hukatwa katikati na kuungwa upya. Mimi nikashika kwamba kitanda huingizwa vipande vipande. Leo nimeona kwa macho yangu, na sote tulikosea. Kitanda huingia kabla ya ukuta.

Niko kaskazini mwa Indiana, Marekani, sehemu za Elkhart. Nyumba za magurudumu zinazouzwa nchini humu nyingi sana hutoka katika mji huu na vitongoji vyake. Nimepata ruhusa ya kuzunguka ndani ya kiwanda kimoja cha magari makubwa ya kifahari. Nilitarajia kukuta mikono ya chuma ikichomelea na kugeuka yenyewe, kama kwenye viwanda vya magari madogo. Nimekuta watu. Watu wenye mikanda ya ngozi kiunoni, penseli sikioni, bisibisi za umeme mkononi. Mashine zipo, za kukata na kuinua, lakini kinachoifanya nyumba iwe nyumba ni mikono ya fundi. Nilisimama pale nikakukumbuka wewe.

Nianze chini. Kiwanda hakitengenezi injini wala chasisi. Chasisi huja tayari, nyingine kutoka Freightliner ya Gaffney, South Carolina, nyingine kutoka Spartan ya Charlotte, Michigan. Ukiiona utaionea huruma: vyuma virefu, matairi, usukani, na injini ya dizeli imefungwa nyuma kabisa, hakuna paa wala bodi. Injini huwekwa nyuma ili kelele na joto vibaki mbali na dereva, na pia kuacha nafasi ya vyumba vya mizigo chini ya sakafu. Magari makubwa kuliko yote hubeba injini ya Cummins ya nguvu za farasi 605, na giaboksi ya Allison. Breki ni za upepo, na hata springi ni mifuko ya upepo, ndiyo maana gari la tani 24 linaelea barabarani badala ya kurukaruka.

Juu ya chasisi huchomelewa fremu ya chuma. Katikati ya fremu hiyo, chini ya mahali watu watakapokanyaga, ndipo huwekwa matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Jenereta hukaa mbele kabisa, puani mwa gari, juu ya trei inayovutwa nje kama droo ili fundi asilazimike kulala chini akiihudumia. Niliipenda sana hiyo. Aliyeibuni alimfikiria mtu ambaye hatamwona kamwe.

Halafu sakafu. Plaiwudi, sponji ngumu ya kuzuia baridi, plaiwudi tena, kisha vigae, vigae kweli vya kauri, vinavyolazwa mwanzo hadi mwisho wakati bado hakuna hata ukuta mmoja. Nilimuuliza fundi, gari likipita kwenye mashimo vigae havipasuki? Akanionyesha gundi yake, inavutika kama mpira hata ikishakauka. Akabonyeza tone lililokauka kwa kidole gumba, likarudi umbo lake.

Sasa ndiyo tunafika kwenye ubishi wetu. Sakafu ikiwa tayari, iko wazi pande zote kama jukwaa. Hapo huletwa kila kitu kikubwa: kitanda, jokofu, mashine ya kufulia, bafu zima la kipande kimoja, kabati la nguo, kaunta ya jikoni. Vinasimamishwa na kufungwa mahali pake, na kwa muda unaona ajabu ambayo sijawahi kuiona: nyumba nzima imesimama bila nyumba. Kitanda kinatazamana na ukumbi wa kiwanda, makabati ya cheri yaliyong'arishwa hayana kilichoyaegemeza, na fundi bomba anapita katikati ya sebule akiwa na mabomba begani. Baadaye ndipo ukuta huja, ukining'inia kwenye winchi ya darini, kipande kimoja kirefu kuanzia kwa dereva hadi kitandani. Hushushwa taratibu, watu wanne wakiuongoza kwa viganja, hata ukagusa migongo ya makabati. Kila kabati linapokutana na ukuta, ndani ya ukuta mlishafichwa bamba la chuma ili skrubu zipate pa kuuma. Yule aliyepanga mabamba hayo alifanya kazi siku kadhaa kabla, upande mwingine wa jengo, kwa kufuata mchoro. Akikosea vidole viwili tu, skrubu inauma sponji, na miezi sita baadaye kabati la vyombo linamwangukia mtu.

Ukuta wenyewe una madhehebu mawili. Wengine hujenga kama nyumba, nguzo za alumini kila sentimita 40, sufi ya kioo katikati, na ngozi ya faibaglasi nje. Wengine hubandika: faibaglasi, fremu ya alumini iliyojazwa sponji, na plaiwudi nyembamba, vyote vinapakwa gundi na kubanwa kwa mashine ya kunyonya hewa mpaka viwe kitu kimoja. Madirisha hukatwa baadaye na mashine ya kompyuta. Ukuta wa kubandika ni mwepesi na imara, lakini maji yakipenya hata kwa tundu la sindano, gundi huachia, na ngozi ya nje huvimba mapovu. Mimi ningechagua wa nguzo. Utakaoweza kuufungua na kuurekebisha ndio ukuta wangu.

Vile vyumba vinavyochomoza gari likiegeshwa, ukaniuliza kama ni vya turubai. Hapana, ni vyumba kamili. Newmar ya Nappanee, jirani na hapa, ndiyo iliyovileta kwenye magari haya mwaka 1990, na leo ni wachache wanaonunua gari la kifahari lisilo navyo. Fikiria droo, Idrisa. Droo yenye kochi, meza na jokofu ndani yake, inayotembea kwa mota au kwa mafuta ya haidroliki, na inayotakiwa kuziba upepo na mvua ikiwa imefungwa na ikiwa wazi pia. Sheria za barabara katika majimbo mengi zinakomea urefu wa futi 45, yaani mita 13.7, na upana wa mita 2.6 hivi. Hakuna namna ya kupata sebule pana ila kuichomoa. Wewe na mimi tunajua taabu ya droo ya kawaida iliyokosa mraba. Hii inakaa kwenye gari linalojipinda kila linapopanda ukingo. Nilimtazama mama mmoja wa makamo akipitisha kipande cha kadi kati ya raba na ukuta, kuzunguka pande zote nne, polepole. Kadi ilipopita kirahisi, aliweka alama ya chaki na kulegeza boliti. Alirudia mara tano, na hakuna aliyemharakisha.

Nasema hivyo makusudi, kwa sababu kuharakisha ndilo gonjwa la kazi hii. Viwanda vingi vya huku hulipa kwa kipande, na kundi likimaliza idadi yake ya siku, linakwenda nyumbani. Kazi huanza saa kumi na moja alfajiri, na saa saba mchana uwanja wa magari umebaki mtupu. Mafundi wengi ni Waamishi, watu wa dini ambao hawamiliki magari, na kila alfajiri unawaona wakija kwa baiskeli gizani, taa ndogo zikifuatana barabarani. Ni maseremala wa kurithishana. Wanajenga gari la kifahari kuliko yote, kisha wanapanda baiskeli kurudi mashambani kwao. Nawaheshimu mno. Lakini malipo ya kipande humfanya hata fundi mzuri aruke skrubu moja, na mimi siamini kwamba nyumba inayotembea inaweza kusamehe skrubu moja. Nyumba ya kawaida imekaa. Hii kila siku iko ndani ya tetemeko.

Niliona ushahidi siku ya tatu. Kila gari linalokamilika huingizwa kwenye chumba cha mvua, mabomba yanamwaga maji juu, ubavuni na kwa chini, huku mkaguzi akiwa ndani na tochi. Aliniruhusu niingie naye. Kelele zilikuwa kama mvua ya masika juu ya bati. Alipitisha mkono juu ya kila pembe ya dirisha, akafungua makabati, akanusa. Juu ya kitanda, kwenye taa ndogo ya dari, palikuwa na tone moja, linang'aa, halijaanguka bado. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akazima maji. Gari zima likarudishwa nyuma, paa likafunguliwa, ikaonekana kwamba waya wa paneli ya sola ulipitishwa kwenye tundu ambalo halikuzibwa kwa mastiki. Sehemu ya kazi ya dakika mbili ilikula siku nzima. Na lile tone lingeweza kukaa mle miaka miwili likiozesha mbao kimyakimya.

Rangi sitaieleza yote, maana ingekula barua nzima. Nakwambia hili tu: inachukua siku nyingi, na sehemu kubwa si kupuliza rangi, ni kubandika gundi-karatasi na kupiga msasa. Mistari ile inayopinda ubavuni, rangi nne au tano zinazoingiliana, kila moja hupulizwa peke yake wakati nyingine zimefunikwa. Mwisho hupakwa vanishi angavu, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji hadi usisikie mpaka wa rangi kwa ukucha. Nilijaribu kwa ukucha, na sikusikia kitu.

Sasa nikupe haki yako kidogo. Yako magari ya kifahari ambayo kitanda hakitangulii ukuta. Prevost ya Sainte-Claire, Quebec, Kanada, hutengeneza maganda ya mabasi ya chuma kisichoshika kutu, yakiwa na kuta na paa tayari, kisha huyapeleka kwa wajenzi kama Marathon Coach wa Coburg, Oregon, wanaoyageuza nyumba kwa miezi kadhaa. Humo samani huingia kwa vipande vinavyopita mlangoni, au kwa tundu la chumba cha kuchomoza kabla chumba hakijafungwa. Kwa hiyo vipande vyangu vipo, ila vya kwako vya kukata gari katikati bado sijaviona! Na sikiliza hii, ndiyo iliyonifanya nikuandikie usiku huu badala ya kulala: Eugène Prévost aliyeianzisha kampuni hiyo alikuwa seremala. Alikuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa na samani za shule. Mwaka 1924 akaombwa ajenge bodi ya basi juu ya chasisi ya lori, akaijenga kwa mbao, kwa kuwa mbao ndizo alizozijua. Mabasi yanayobeba nyumba za mamilioni ya dola leo yalitoka kwenye meza ya randa kama yetu.

Wajerumani nao wana yao. Volkner Mobil ya Wuppertal huweka gereji chini ya sakafu, kati ya magurudumu, na gari dogo la michezo hutoka ubavuni juu ya trei. Hizo sijaziona kwa macho, kwa hiyo sitajifanya fundi wake.

Jambo moja la kazi kabla sijafunga. Droo za magari haya hazitakiwi kufunguka zenyewe kwenye kona, na kufuli za sumaku hazitoshi kwa uzito wa sahani. Seremala mmoja mzee alinionyesha njia ya zamani: chini ya uso wa droo huchongwa mdomo mdogo, droo ikifungwa inashuka milimita chache nyuma ya ubao wa mbele, na kuifungua ni lazima uinyanyue kwanza ndipo uvute. Haina chuma wala springi. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii pamoja na vipimo, ingawa sina hakika na kina cha mdomo kwa mbao laini. Ijaribu kwenye lile kabati lako la majaribio, ijaze vyuma, kisha litingishe kwa nguvu zako zote. Uniandikie kama imefunguka.

Wako katika kazi,
Salim