Shukrani kwa mzee wa fidla

Mzee wangu, shikamoo. Hukutaka jina lako litajwe, nami naheshimu agizo hilo, lakini kunyamaza kabisa kungekuwa utovu wa adabu. Nilipokuwa nikitunga kwarteti ya fidla mbili, viola na selo kuhusu wazee wa Gedi, ile mizimu inayosemekana kulinda magofu ya mawe ya matumbawe karibu na Malindi na kumlaani anayeyaharibu, ni wewe uliyeniambia kwamba mlinzi hana haja ya kupiga kelele. Ukanielekeza kidole kiguse katikati ya uzi wa selo bila kuubana, ili itoke ile sauti nyembamba iliyo juu kwa oktava moja, huku viola ikipigwa upinde karibu kabisa na kidaraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Ulinipeleka pia kwenye kaburi la huko Gedi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ukinisihi nisiigeuze imani ya watu kuwa kitisho cha sinema (ushauri ambao watunzi wengi, kwa maoni yangu, wanauhitaji). Nakala ya noti nimemkabidhi binti yako. Fidla ya pili niliiandikia mkono wako, kwa hiyo panapokukwaza, parekebishe upendavyo.