Kokwa la mahameni

Mtwara,
2 Novemba 2025

Ndugu yangu mpendwa Somoe,

Pokea salamu zangu na za watu wote wa nyumba hii. Sisi huku hatujambo. Joto limekwisha kupanda, korosho zinaokotwa, na kila unayekutana naye njiani anazungumzia mnada na bei. Najua umekaa muda mrefu ukisubiri jibu la ombi ulilonipa siku ya arobaini ya mama yako, uliponishika mkono nyuma ya nyumba ukaniomba nikutafutie mche wa mwembe wa mahameni ili ukaupande Dodoma. Ilikuwa Novemba 2023, na sasa miaka miwili imetimia. Sikusahau. Mara ya kwanza niliharibu, na ninaona haya kukutumia mche bila kukueleza jinsi nilivyoharibu.

Desemba ile ile nilipanda mlima kwenda Newala, na mjomba akanipeleka mwenyewe, kwa kuwa unajua kwamba kwetu sisi huwezi kwenda kuchukua kitu mahameni bila mjomba kutoa neno. Tangu watu walipohamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, pale hapajalala mtu. Nyumba zimerudi kuwa udongo, na mgeni akipita atadhani ni pori, lakini mwenyeji akiona miembe imesimama pamoja katikati ya vichaka hujua kuwa palikuwa na kaya. Mikorosho ya babu bado ipo, ingawa mingi imekufa upande mmoja. Makazi mapya yalikuwa mbali, palizi ikawashinda wazee, na walioshindwa hawakuwa wao peke yao, maana korosho ya nchi nzima, iliyokuwa imevuka tani 140,000 katika msimu wa 1973/74, ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000 ilipofika 1986/87. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za bei na za ugonjwa wa ubwiri unga, lakini mjomba akisimulia hizo hazitaji.

Tulikaa kwenye mizizi ya mwembe na akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia kwa marehemu mama, na ninadhani nawe hujaisikia. Kokwa la mti ule bibi alilitoa bondeni, upande wa Ruvuma, alikokwenda kuhani msiba wa ndugu zake. Alikula embe kule, akalifunga kokwa kwenye pindo la kanga, akapanda nalo mlima, na jioni aliyofika akalifukia kabla hata ya kutua mzigo vizuri. Kazi ilikuwa kuukuza. Juu kule hakuna mto wala kisima cha karibu. Wanawake waliamka usiku wa manane kuteremka bondeni kuchota maji, na jua lilikuwa limekwisha kupanda waliporudi na mitungi kichwani. Nani angethubutu kumwagia mti maji ya namna hiyo? Bibi aliyaoshea mboga, kisha akayanawia mikono, kisha ndipo akayapeleka kwenye shina. Alipojifungua mama yangu na kukaa ndani siku arobaini, aliyefanya kazi hiyo kila jioni alikuwa bibi yako, ambaye hakuwa na damu yoyote na sisi, bali walichota maji njia moja. Kitovu cha mama kilizikwa chini ya mwembe huo huo. Kwa hiyo nilipokuwa nikijiuliza kimoyomoyo kwa nini unautaka mti wetu badala ya kutafuta wenu, mjomba alikuwa amekwisha kunijibu bila mimi kuuliza.

Niliokota makokwa kumi na mawili. Niliyaosha, nikayaanika juani kwenye bati kwa wiki nzima mpaka yakakauka kabisa, nikayafunga katika kipande cha kanga ya bibi na kuyaweka kabatini pamoja na hati za nyumba na picha za harusi. Nilijiona nimehifadhi. Nilikuwa ninasubiri nimalize kujenga ukuta wa ua ndipo nioteshe, na ukuta, kama unavyonijua, ulinichukua miezi kumi.

Septemba 2024 mjomba alinipigia simu. Mtu alikuwa anachoma shamba kuliandaa kwa msimu, moto ukamshinda, ukavuka mpaka mahameni na kuingia ndani ya shina la mwembe, ambalo lilikuwa na uwazi siku nyingi. Uliwaka humo siku mbili. Upande wa mashariki wote ulikufa. Siku hiyo hiyo nilifungua kabati, nikapanda makokwa yote kumi na mawili, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ilipopita wiki ya sita nilifukua. Ndani ya kila kokwa palikuwa na kitu cheusi, kigumu, kilichojikunja kama kipande cha ngozi kuukuu.

Jirani yangu mmoja, ambaye alifanya kazi ya miche kwa miaka mingi Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akacheka, na sikumlaumu. Alisema mbegu ya embe si kama hindi wala kunde. Hindi likikauka linalala, kiini cha embe kikikauka kinakufa, na uhai wake nje ya tunda ni wa wiki chache tu. Hata korosho, alisema, ningeweza kuiweka miezi kadhaa nikaitia majini kuona kama itazama, ikizama nikaipanda. Lakini embe halingoji. Nilimkumbuka bibi na pindo lake la kanga. Hakusoma popote, ila kokwa lake halikulala nje ya ardhi hata usiku mmoja wa nyumbani.

Tulisubiri Desemba tukiwa na wasiwasi, na upande uliobaki hai ulizaa, maembe machache na madogo, yale yale yenye nyuzi zinazokwama menoni. Safari hii nilitoa nyama siku ile ile, nikayaacha makokwa kivulini siku moja yapungue utelezi, kisha nikapasua ganda kwa kisu taratibu kufuata ukingo wake na kutoa kiini. Kazi hii ina faida mbili: kiini huota upesi, na unaona mapema kama fukusi amekwisha kuingia. Viini vinane vilikuwa vizima. Nilivilaza kwenye viriba vya udongo wa msituni uliochanganywa na samadi, mgongo uliopinda ukiwa juu, nikavifunika kidogo tu. Baada ya wiki tatu hivi sita vilikuwa vimeota, majani yao mekundu na laini kama masikio ya mtoto mchanga.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Kokwa moja lilitoa miche mitatu. Nilidhani ni kasoro, jirani akasema ndiyo tabia ya maembe mengi ya kienyeji ya pwani hii. Mche mmoja kati ya hiyo hutokana na chavua, kwa hiyo una baba usiyemjua. Mingine huota moja kwa moja kutoka katika mwili wa mti mama, na kwa hakika ni mama yule yule ameanza upya. Kuitambua kwa macho si rahisi, ingawa ule wa chavua mara nyingi huwa dhaifu. Alinishauri pia nikate kikonyo, yaani kijiti chenye macho, kwenye mti mkongwe na kukibebesha juu ya mche mwingine, kwa kuwa njia hiyo haina shaka, na mti wa kubebeshwa huzaa ndani ya miaka mitatu au minne. Ana haki. Mjomba, hata hivyo, alikataa kabisa kuutia kisu mti uliotoka motoni, nami sikumbishia, kwa sababu moyoni nilitaka uanzie kwenye kokwa kama ulivyoanza.

Nilitenganisha miche ile mitatu ikiwa bado michanga. Mmoja mjomba ataurudisha mahameni mvua ikianza, hatua ishirini kutoka kwa mama yake, na amekwisha kulima mkanda kuuzunguka ili moto usifike. Wa pili upo uani kwangu. Mbuzi wa jirani (siye huyo wa Naliendele) aliukata mpaka chini mwezi Juni, lakini umechipua tena. Wa tatu, ulionyooka kuliko yote, ni wako.

Mpwa wangu anayerudi chuoni atakuletea mkononi, kwa maana nimemkataza kuuweka kwenye buti la basi. Ukifika, uweke kivulini wiki mbili na usiutoe kwenye kiriba mpaka mvua za Dodoma zishike vizuri mwezi Desemba. Chimba shimo la futi mbili kila upande, rudisha udongo wa juu ukiwa na samadi iliyooza, na uuwekee majani makavu chini, lakini yasiguse shina. Miaka miwili ya kwanza usiuache wakati wa kiangazi bila maji. Ya kunawia mikono yanatosha. Kuzaa, uhesabu miaka sita au zaidi, na hapo ndipo tutajua kama tulipata mama au mtoto wa chavua: kama maembe hayana nyuzi, ujue ni huyo mwingine, na uniandikie.

Nisalimie shemeji na watoto. Mjomba anasema usisahau kuupandia upande ambao maji ya jikoni yanatokea.

Ni mimi nduguyo,
Hadija