Saa za Leipzig

Leipzig, 10 Machi

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na wa nyumbani Tanga unisalimie wote. Umeuliza kama ni kweli Wajerumani hawasamehe dakika tano. Ni kweli kwa kiasi chake, ila wageni wengi kutoka kwetu hawaponzwi na uzembe, wanaponzwa na hesabu ya saa.

Mtu akikwambia "halb drei", utasikia nusu, utasikia tatu, na akili itakimbilia tatu na nusu. Sivyo. Ni nusu ya kuiendea tatu, yaani 14:30, kwetu saa nane na nusu mchana. Ukikosea hapo umechelewa saa nzima. Na huku Saksonia wana lao: "viertel drei" ni 14:15, "drei viertel drei" ni 14:45, ile yetu ya saa tisa kasorobo. Usione haya kumwambia akuandikie kwa tarakimu. Tiketi na barua za ofisi zote zinatumia saa 24. Simu yako iweke hivyo hivyo kabla hujapanda ndege, uache kujumlisha na kutoa sita kichwani huku unakimbilia tramu.

Miadi ya daktari au ofisi ya wageni ikiwa 9:00, uwe mlangoni 8:50. Chakula cha jioni nyumbani kwa mtu ni mambo mengine: umealikwa 19:00, bonyeza kengele saa moja kamili. Ukiwahi dakika ishirini utamkuta mwenyeji na aproni, na hatafurahi. Ukiona unachelewa, tuma ujumbe kabla muda haujafika na utaje dakika utakayofika. "Niko njiani" yetu ile, ambayo mtu huisema bado anaoga, haina kazi huku.

Treni sasa! Usije na sifa ulizosikia. Shirika la reli lenyewe huihesabu treni kuwa imewahi mradi haijachelewa dakika sita, na za masafa marefu huchelewa zaidi ya hapo mara nyingi tu. Ukiwa na usaili, panda ile inayotangulia, na usikate tiketi ya kubadilisha treni kwa dakika saba. Ukifika umechelewa dakika 60, kwa kawaida unadai asilimia 25 ya nauli. Zikiwa 120, asilimia 50. Tunza tiketi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu saa zinasogezwa mbele: usiku ikifika 2:00 inakuwa 3:00. Simu hujibadilisha yenyewe, saa ya ukutani na ya jiko mpaka uziguse. Kwa hiyo ukinipigia saa mbili usiku ya Tanga, leo kwangu ni 18:00, lakini kuanzia siku hiyo ni 19:00, na Jumapili 19:00 naingia zamu. Piga saa moja usiku ya Tanga.

Wako,
Zuhura