Nguzo haikuota, ardhi ndiyo iliyoshuka

Mdogo wangu,

Picha uliyonitumia kutoka Isimila, lile korongo la nguzo za udongo karibu na Iringa, nimeitazama mara nyingi kuliko unavyodhani. Umependeza, na jua la asubuhi limekukaa vizuri usoni. Lakini nilipoikuza nikaona kitu ubavuni mwa nguzo, usawa wa bega lako: herufi mbili za jina lako, zimechorwa kwa ncha ya ufunguo, na unga wake bado mbichi umeshika ukutani. Moyo uliniuma. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu wenye funguo mfukoni ni wengi, na wewe ni ndugu yangu, najua hutanichukia.

Ngoja kwanza nikueleze nilichokiona nyumbani. Unaujua uwanja wetu hapa Goba ulivyo na mteremko. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikatoka na ufagio. Pale chini ya ukingo wa bati, mahali maji yanapodondokea, nilikuta kizibo cha soda kimesimama juu ya kinguzo cha udongo chenye urefu wa kidole gumba. Kokoto za jirani nazo zilikuwa vivyo hivyo, kila moja imekalia kigingi chake. Nikauweka ufagio chini, nikachuchumaa. Matone yalikuwa yamechota mchanga wote uliokuwa wazi, yakauacha ule tu uliofunikwa. Kinguzo hakikuota. Ardhi iliyokizunguka ndiyo iliyoshuka.

Isimila ni habari hiyo hiyo, kwa ukubwa wa kutisha. Pale zamani palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina kirefu. Mchanga na tope vikatua tabaka juu ya tabaka, ziwa likakauka, kisha mvua ikaanza kulikata korongo. Penye tabaka gumu juu, udongo wa chini ulipata kofia. Pasipo na kofia, maji yalibeba. Kwa hiyo uliposimama chini ya ile nguzo ukainua shingo, pale juu kabisa ulikuwa unatazama uwanda wa zamani. Hewa yote iliyokuzunguka ilikuwa ardhi.

Na maji hayo hayo ndiyo yaliyofichua mashoka ya mawe uliyoyaona. Yalianza kujulikana mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Clark Howell na wenzake wakaja kuchimba kwa utaratibu. Umri wa mashoka hayo unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Kuna mtu alikaa kando ya ziwa lile akachonga jiwe likamkaa mkononi, na mvua ikaja kutuonyesha. Mimi hilo linanitoa machozi, nakuambia kweli.

Nguzo za namna hii ziko kwingine pia. Bryce Canyon, jimbo la Utah huko Marekani, ni mawe ya chokaa: maji huingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, barafu inatanuka na kulipasua jiwe, mchana inayeyuka, na mchezo huo hujirudia usiku zaidi ya 150 kwa mwaka. Kule Kapadokia, Uturuki, ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kiasi kwamba watu walichimba humo nyumba na makanisa. Iringa haina barafu ya kupasua mawe. Kazi pale ni ya maji, na maji hayahitaji kualikwa mara mbili. Mfereji mwembamba wa ufunguo ni njia tayari: tone la kwanza litaufuata, la pili litaupanua.

Umesema Desemba unarudi na wenzako. Nendeni, tena nimefurahi. Basi la alfajiri kutoka Mbezi litawafikisha Iringa mchana, mlale mjini, Isimila ni kilomita 20 hivi tu kwenye barabara ya Mbeya. Ila Desemba ni mvua. Mfinyanzi unateleza, na mvua ikianza msikae ndani ya korongo. Mkiweza kusogeza hadi Julai, korongo litakuwa kavu na mtatembea kwa raha. Mfuateni mwongozaji, mpite njia anayopita yeye. Asipande mtu kwenye nguzo hata kwa ajili ya picha. Na zile herufi zako usijaribu kuzifuta. Kusugua ni kuchota tena. Ziache hivyo hivyo, uwaonyeshe wenzako, uwaambie ni za nani.

Jumapili njoo ule chakula cha mchana. Kizibo bado kimesimama, ila mvua ya jana imekula upande mmoja wa shingo na sasa kimeinama. Nimewakataza watoto wasikiguse mpaka ufike ukione.

Dada yako,
Goba, Dar es Salaam