Ile moja inayopotea kwenye mabano

Muheza, Tanga
Jumapili jioni

Kwako dada yangu na mwalimu mwenzangu,

Barua yako ilinifikia Alhamisi nikiwa zamu. Niliisoma haraka haraka chini ya mwembe wa shule, kisha nikairudia usiku watoto walipolala. Habari za mama zimenifurahisha sana. Kama ameanza kwenda kuangalia mbaazi zake mwenyewe, basi mguu umepona kweli. Mpe shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo, mvua zimekatika, na machungwa yameshaanza kupangwa barabarani.

Sasa niende kwenye lile lililokuumiza. Unasema umesahihisha jaribio la kidato cha pili, swali la vigawo vya aljebra, lile la kurudisha hesabu kwenye mabano, wamelikosa karibu wote, na umeulizwa mbele ya wenzako kama kweli ulilifundisha. Nimeumia pamoja nawe. Mimi najua ulilifundisha, maana nakujua tangu chuoni unavyoandaa somo. Nami yalinikuta hayo hayo miaka mitatu mfululizo. Nilibadilisha mifano, nikaongeza mazoezi, nikawabakiza baada ya vipindi, na mambo yakawa yale yale. Mwisho nikaja kuona kwamba tatizo lilikuwa kwenye neno moja nililolitamka kila siku ubaoni bila kulisikia.

Neno lenyewe ni "kutoa".

Fikiria. Unaandika 5x + 5. Unawaambia, "Tano ipo huku na ipo huku, kwa hiyo tunaitoa nje ya mabano." Wanaitikia ndiyo mwalimu. Unaandika 5, unafungua mabano, unaweka x, unaweka alama ya kujumlisha, halafu unauliza, "Na hapa, tukitoa tano inabaki ngapi?" Darasa zima kwa sauti moja: sifuri!

Zamani nilikuwa nakasirika. Siku moja nikamwita ubaoni binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto mpole, daftari lake safi kuliko yote. Akaandika 5(x + 0). Akaitazama, akaifuta ile sifuri kwa kiganja kwa kuwa haina kazi, akabakiza 5(x). Nikamuuliza ameipataje. Akanijibu bila wasiwasi, "Mwalimu, umesema tutoe tano. Tano toa tano ni sifuri."

Dada, nilinyamaza pale na chaki mkononi. Tangu darasa la kwanza mtoto huyu ameambiwa tano toa mbili ni tatu. Hiyo ndiyo kutoa anayoijua. Mimi nimekuja na kutoa nyingine, ya kutoa kitu ndani kukipeleka nje, wala sikumwambia kwamba ni nyingine. Alilifuata neno langu sawasawa. Na wewe ukifungua tena karatasi zile ulizosahihisha, tazama wangapi wameipoteza ile 1 ndani ya mabano. Nina hakika utawakuta wengi, na hao si wazembe.

Ninavyoona mimi, jambo hili lina mzizi mrefu. Watoto wetu wamesoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi yote, wakifika kidato cha kwanza lugha inageuka kuwa Kiingereza. Tukiwaona wamekwama tunawarushia Kiswahili cha kuokolea jahazi, maneno yanayotujia tu mdomoni. Kiswahili chenyewe cha hesabu, kile walichofundishwa kwa utaratibu, tunakiacha nyuma kana kwamba kimekwisha kazi. Nacho ndicho kilichokuwa na jibu langu.

Niliwauliza hao hao wa kidato cha pili, "Nitajieni vigawo vya 12." Mikono yote juu. Moja, mbili, tatu, nne, sita, kumi na mbili. Nikauliza KKS ya 12 na 18. Kigawo Kikubwa cha Shirika wanakijua hadi usingizini, wakajibu sita kabla sijamaliza. Basi nikawaandikia 12m + 18n, nikawaambia KKS ni ile ile. Kimya kikatanda, kisha mmoja akasema polepole, "Kumbe kufaktoraizi ndiyo vigawo?" Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "factorise" ya Kiingereza ni vigawo vile vile. Hata mimi sikuwa nimemwambia, na nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima.

Na neno kigawo limebeba kazi yake waziwazi, linatoka kwenye kugawa. Kwa hiyo siku hizi sisemi tena "toa tano nje". Nasema, "Kigawo cha shirika ni tano. Gawanya kila kimoja kwa tano, uandike ndani ulichopata." 5x ukigawanya kwa 5 unapata x. 5 ukigawanya kwa 5 unapata 1. Jibu ni 5(x + 1). Hakuna mtoto wa kidato cha pili atakayekuambia tano gawanya kwa tano ni sifuri. Jaribu hilo peke yake kesho, kabla ya mengine yote nitakayokuandikia, uone.

Kuhusu namna ya kuanza, huku nina bahati ya machungwa. Niliingia darasani na machungwa 12 na ndimu 18, nikawaambia mama mmoja anataka kupanga mafungu yaliyo sawa kabisa, kila fungu liwe na machungwa na ndimu, kisibaki kitu. Wakapanga mafungu mawili, wakapanga matatu, wakafika sita: kila fungu machungwa 2 na ndimu 3. Ukiandika ni 6(2m + 3n), mabano ndiyo fungu moja na 6 ndiyo idadi ya mafungu. Wakauliza wenyewe kama mafungu matatu ni kosa. Si kosa, ila fungu la machungwa 4 na ndimu 6 bado linagawanyika, kazi haijaisha. Hapo ndipo walipoelewa mtihani unaposema wamalize vigawo vyote unataka nini. Kwako Babati tumia mahindi na maharage, itakuwa vilevile.

Lile la pili ulilonilalamikia, la watoto wanaoandika 6x + 9 ni 15x, dawa yake naiona ni moja: waweke namba. x ikiwa 2, 6x + 9 ni 21, na 15x ni 30. Hazilingani, basi. Nimewazoesha hivyo hadi hawaji tena mezani kwangu kuuliza "mwalimu hii sawa?" Wanaweka 2, au wanafungua mabano warudi walikotoka. Yule anayesema a² + b² ni sawa na (a + b)² simkatalii, namwambia aweke 3 na 4. Anapata 25 upande mmoja na 49 upande wa pili, anafuta mwenyewe.

Sasa nikueleze kitu kilichobadilisha darasa langu kuliko vyote, ndicho hiki kilichomo kwenye kifurushi ninachokutumia. Ni vipande vya karatasi za manila. Kila bahasha ina mraba mkubwa mmoja, ambao kila upande ni x. Ina vipande vyembamba saba, urefu x na upana 1. Ina miraba midogo 12, kila mmoja 1 kwa 1. Yaani x² + 7x + 12, imelala mezani. Kazi ya mwanafunzi ni kuvipanga vyote viwe mstatili mmoja usio na pengo wala kipande cha ziada.

Niliwagawa makundi ya wanne wanne, makundi 17, vipande 340 ambavyo nilivikata usiku tatu pamoja na wanangu. Ni lazima nikuonye kitu. Mara ya kwanza niliukata mraba mkubwa sentimita 5 kamili na mdogo sentimita 1. Dakika kumi hazikupita, kundi moja wakagundua kwamba miraba midogo mitano inalingana na kipande kimoja chembamba, wakaanza kubadilishana, na x kwao ikawa 5 moja kwa moja. Nilivikusanya vyote, nikarudia kukata. Hivi nilivyokutumia upande wa x ni sentimita 5 na milimita 7. Haipimiki kwa vile vidogo, inabaki x.

Halafu kaa pembeni, usiseme kitu, hata kama itakuwia vigumu. Wataweka mraba mkubwa kwenye kona. Vipande vyembamba watavigawa, vingine kulia, vingine chini. Wakiweka 1 na 6, pengo linalobaki kwenye kona linachukua miraba midogo 6, na mingine 6 inabaki mkononi. Wakiweka 2 na 5, pengo linachukua 10, inabaki miwili. Wakiweka 3 na 4, linajaa kamili. Kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa, ambaye nadhani muhula ule hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja, alikiweka kile kipande cha mwisho akapiga meza kwa kofi. Nikamwambia asome urefu na upana. Akapitisha kidole: "x na tatu. x na nne." Nikaandika (x + 3)(x + 4), na chini yake ile kanuni ya namba mbili ambazo zao lake ni 12 na jumla yake ni 7. Kabla ya hapo kanuni ile nilikuwa naiimba kama kiitikio. Safari hii walikuwa wameishika kwa vidole.

Kisha wape x² + 7x + 8. Waambie waondoe miraba midogo minne, wajaribu. Watahangaika. Pengo ni 6, au 10, au 12, hakuna la 8. Usiwaokoe. Kwangu walikaa nayo karibu kipindi chote, mwishowe msichana mmoja akasimama, "Mwalimu, hii imekataa, na nimejaribu njia zote tatu." Nilimpigisha makofi ya darasa zima. Alikuwa ametoa uthibitisho kamili kwamba kwa namba nzima haiwezekani, na mtoto aliyeona hivyo hatabuni jibu kwenye mtihani ili tu mabano yajae.

Manila inaishia hapo. Kwenye hasi haisaidii, na sikushauri uilazimishe, nilijaribu kwa karatasi za rangi mbili wakachanganyikiwa zaidi. Kwa x² − x − 12 narudi kwenye orodha ya jozi za vigawo na kufungua mabano, ndipo wanaona kwamba ni (x − 4)(x + 3) wala si kinyume chake. Na zile za mtindo wa 6x² + 11x + 3 sina jipya, unazifundisha vizuri: 6 mara 3 ni 18, vigawo vyake 9 na 2 jumla yake ni 11, unapanga 6x² + 9x + 2x + 3, unapata 3x(2x + 3) + 1(2x + 3). Ila tazama, ile 1 imerudi tena! Wengi hawaiandiki, wakifika mstari wa mwisho wanakuletea (2x + 3)(3x). Ni lile kosa la binti wangu, limebadilisha nguo tu. Waandikie 1 kubwa, kwa chaki ya rangi.

Watoto wa huku wanaotoka madrasa niliwaambia pia habari ya al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, kwamba kitabu chake cha mnamo mwaka 820 ndicho kilicholipa somo hili jina, kutoka neno la Kiarabu al-jabr. Naye alipotatua x² + 10x = 39 alichora mraba, akaongezea mistatili pembeni, akaziba kona, kama wao na manila yao. Akapata 3. Nikawapa x² + 10x − 39 nyumbani, wakarudi na (x + 13)(x − 3), na ile 3 wakaitambua. Walifurahi sana, nami nilifurahi kuliko wao.

Mwisho, kwa siku wanapokuwa wamechoka: waulize 73² − 27² bila kuandika popote. Wewe ukijibu 4600 kabla hawajashika kalamu, watataka kujua. Jumla ya 73 na 27 ni 100, tofauti ni 46, unazidisha tu. Wataulizana hizo hadi njiani kurudi nyumbani.

Kifurushi kina bahasha tano pamoja na kielelezo cha kukatia nyingine. Maboksi magumu yanafaa kuliko manila kama utayapata. Kaka anakwenda Arusha Jumatano, atakikabidhi kwenye basi la Babati na kukupigia namba ya gari. Ukishafanya kile kipindi niandikie, na hasa nataka kujua kundi gani litasema ya 8 imekataa, na wamechukua muda gani.

Wanangu wanakusalimu. Mdogo ndiye aliyeandika x kwenye ile miraba mikubwa, ndiyo maana nyingine zimepinda.

Ni mimi mwenzako,
wa Muheza