Barua ya wazi kwa nyie mnaosomea sanaa: andikeni karatasi kabla hamjawasha kamera

Wanangu wa filamu, wa muziki, wa jukwaa, wa uchoraji na wa mitindo, nyote mliomo humo,

Barua hii nimeiandika mara mbili nikaifuta kwa sababu ilikuwa kali mno. Hii ya tatu naituma hivyo hivyo hata kama ukali umebaki. Nawapenda, lakini mmeniudhi, na mtu mzima akiudhika akanyamaza anakuwa ameshiriki kwenye kosa.

Kilichotokea mnakijua. Wenzenu kumi na moja walikesha mwaka mzima kwenye filamu yao ya kumaliza masomo, ile iliyosimamisha watu ukumbini, mpaka mimi nilitokwa na machozi pale yule mama anapozima redio. Miezi miwili baadaye akaja msambazaji, mtu mwenye nia safi na hela yake mkononi, akasema kazi hii naitaka, nipeni makaratasi. Makaratasi gani? Ya kuonyesha kwamba kila kilichomo ndani mna haki nacho: skripti kaandika nani na kakubali itumike vipi, muziki wa nani, waigizaji wamesaini nini, zile picha za zamani za kule katikati mmezitoa wapi na kwa ruhusa ya nani. Huo ndo unaitwa mnyororo wa umiliki, na ikikosekana pete moja tu mnunuzi anaondoka, maana atakayeburuzwa mahakamani kesho ni yeye. Wenzenu hawakuwa na hata karatasi moja. Walikuwa na grupu la WhatsApp.

Basi mwandishi akasema filamu ni yangu, wazo lilitoka kwangu. Mwongozaji akasema yangu, bila mimi kuna nini. Aliyepiga muziki, ambaye hata hajui aliombwa au alijitolea, akasema toeni nyimbo zangu. Wiki mbili hazikuisha grupu limevunjika, marafiki wa miaka minne hawasalimiani, msambazaji kachukua kazi ya watu wengine, na filamu iko kwenye diski ya kompyuta ndani ya droo ya mtu.

Hilo peke yake lisingenifanya niandike, vijana hukosea. Kilichonichoma ni jibu nililopewa nilipouliza kwa nini hamkuandikiana. Mmoja wenu, tena mwenye akili kweli, akaniambia: "Mzee, sisi ni wasanii, hayo ni mambo ya wafanyabiashara." Na wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Miaka minne mmesoma kozi yenye neno "tasnia" kwenye jina lake, mmefanya mitihani, mmeandika tasnifu, halafu mnaniambia mkataba ni mambo ya watu wengine? Mmesomea nini basi? Kuna mganga anayesema damu ni mambo ya wengine?

Ngoja niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema darasani. Nikiwa na umri wenu nilipiga gitaa studio fulani, usiku mmoja, nyimbo sita. Asubuhi nikapewa hela taslimu na karatasi, nikasaini nikiwa nimesimama mlangoni na gitaa begani, sikusoma hata mstari mmoja maana niliona aibu kusoma mbele ya prodyuza, nilidhani kusoma ni kumwonyesha simwamini. Miaka mingi baadaye nikiwa nyumbani kwangu nasikia gitaa langu kwenye tangazo la redio. Vidole vyangu kabisa, hata lile kosa dogo nililolifanya kwenye mzunguko wa pili lilikuwemo. Nikatafuta ile karatasi nikaisoma kwa mara ya kwanza. Ilisema nimetoa haki zote, duniani kote, milele, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa. Hakuna aliyeniibia. Nilitoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Sasa yachukueni hayo maneno manne mkayasome kama mnavyosoma shairi. "Haki zote": kwa nini zote, wakati yeye anahitaji kuuza rekodi tu? Kuchapisha, kutafsiri, kuonyesha hadharani, kutumia kwenye tangazo, kila moja ni haki inayosimama peke yake na kila moja inaweza kukodishwa peke yake. "Duniani kote": ana ofisi dunia nzima? Kama hana, mpe anakofika. "Milele": mpe miaka mitano, mitatu, mkae tena mezani. "Kwa njia zitakazobuniwa": hapo unauza kitu ambacho hata hakijazaliwa. Walioandikiwa mistari hiyo enzi za santuri walikuja kushangaa zama za intaneti zilipofika, na nyie mkisaini leo mtakuja kushangaa kwa jambo ambalo wala hatujalijua. Na mjue tofauti ya kupokea malipo ya mara moja na kupokea mrabaha, yaani sehemu yako kila kazi inapotumika au kuuzwa. Mara nyingine malipo ya mara moja ni sawa kabisa, kodi ya nyumba haisubiri mrabaha, ila chagua ukijua unachokichagua.

Mkidhani natia chumvi, someni habari za Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi Johannesburg wimbo wake wa simba na kundi lake, na ile sauti ya juu ikaizunguka dunia nzima kwa majina tofauti na lugha tofauti mpaka ikaingia kwenye filamu kubwa za watoto. Haki zake zilikwenda kwa shilingi 10. Alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilikuja kupata makubaliano mwaka 2006, na mlango waliopitia wanasheria wao ulikuwa sheria ya zamani ya Uingereza ya 1911 iliyokuwa na kipengele cha kurudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Kipengele kimoja, ndani ya sheria ambayo watu walikuwa wameisahau! Wanawe walizeeka wakisubiri mtu akae chini asome.

Na msidhani haki hizi zilishuka kutoka mbinguni au serikali ilizitoa kwa huruma. Paris, mwaka 1847, watunzi watatu walikaa kwenye ukumbi mmoja wa burudani, wakaagiza vinywaji, wakasikia muziki wao unapigwa pale. Walipoletewa bili wakakataa kulipa. Wakasema wewe hutulipi kwa nyimbo zetu zinazokujazia viti, na sisi hatukulipi kwa vinywaji vyako. Mmoja wao aliitwa Ernest Bourget. Kesi ikaenda mahakamani wakashinda, na kutokana na kisa hicho mwaka 1851 kikaundwa chama cha kukusanya mirabaha cha Ufaransa, SACEM, ambacho kipo hadi leo. Hao walikuwa wasanii kama nyie. Hawakusema bili ni mambo ya wenye hoteli.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu mnayo kwenye madaftari, kama mliandika. Mkataba wa Berne, makubaliano ya nchi nyingi juu ya haki za watunzi, ni wa 1886, na kwa mkataba huo kazi yako inalindwa tangu inapoumbwa, huhitaji kusajili ndo iwe yako, na ulinzi ni maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kufa. Sheria hailindi wazo, inalinda namna ulivyolieleza wazo, kwa hiyo yule anayesema "wazo lilikuwa langu" hana hoja mpaka aonyeshe alichokiandika. Waigizaji na wapiga vyombo wana haki zao kando ya mtunzi, mkataba wa Roma wa 1961 na ule wa Beijing wa 2012 vinahusu hayo. Someni.

Turudi kwenye hilo neno tasnia, maana naona mnalivaa kama beji bila kujua lilikotoka. Waliolifanya maarufu, Adorno na Horkheimer, Wajerumani wawili waliokimbilia Marekani wakati wa Hitler, waliandika juu ya "tasnia ya utamaduni" miaka ya 1940 wakiwa wanalaumu. Walikuwa wanasema sinema na redio zimekuwa kiwanda, zinatoa bidhaa zinazofanana ili watu watulie wasifikiri. Lilikuwa neno la tuhuma. Baadaye serikali zikaligeuza: Uingereza mwaka 1998 ilitoa waraka wa kuorodhesha sekta 13 za ubunifu, kuanzia matangazo na usanifu majengo hadi programu za kompyuta, ikasema jamani hapa kuna ajira na utajiri. Tuhuma ikawa sifa, na Umoja wa Mataifa nao ukautangaza mwaka 2021 kuwa mwaka wa uchumi wa ubunifu.

Mimi nadhani pande zote mbili zina ukweli na nyie mnatakiwa mbebe zote mbili. Ndiyo, ni kazi inayolisha watu, fundi wa taa ana watoto. Na ndiyo, ni kiwanda kinachoweza kukutafuna wewe na kuwalaza watazamaji wako. Anayeshika upande mmoja tu ananichosha, awe yule wa "sanaa kwa ajili ya sanaa" ambaye ada analipiwa na baba, au yule anayehesabu watazamaji asubuhi mpaka usiku na hana cha kuwaambia.

Na hapa niseme na wakubwa wenzangu pia. Tumewalea watoto hawa kwa uongo. Mzazi anamwambia mwanawe kasome kitu cha maana, huku sebuleni kwake kila kinachomchekesha na kumliza kimetengenezwa na mtu aliyesomea hicho kisicho na maana. Tukifiwa tunamwita mwimbaji, tukioa tunamwita mpiga picha, halafu tunataka punguzo, tunamwambia utapata jina. Nani alimwambia fundi bomba atapata jina? Walimu, na mimi nimo, tumefundisha nadharia mihula minane na mkataba saa mbili za wiki ya mwisho, wakati wanafunzi wanawaza mahafali. Serikali nazo zinazisifu sekta hizi kwenye hotuba, ila ukiuliza fedha zimewekwa wapi unaonyeshwa tamasha la siku moja.

Kuna jambo wachumi wawili, Baumol na Bowen, waliliandika mwaka 1966 ambalo kila waziri angepaswa kulijua. Kiwandani, mashine ikiboreshwa mfanyakazi mmoja anatoa viatu vingi zaidi kwa saa. Lakini muziki wa watu wanne wa dakika 30 ulihitaji watu wanne na dakika 30 enzi za mtunzi Beethoven, miaka mia mbili hivi iliyopita, na leo ni watu wanne na dakika 30 vile vile. Huwezi kuharakisha. Mishahara ya kazi nyingine inapanda na gharama za jukwaa zinapanda nayo, bila mtu kuwa mvivu. Kwa hiyo wakisema tamthilia haijilipi, waulizeni kama shule ya msingi inajilipa. Jamii hulipia vitu kwa sababu inavihitaji.

Na inavihitaji kuliko inavyokiri. Kule Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza maisha yao wenyewe kwa lugha yao. Kibali kilifutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyeshiriki kuitunga tamthilia hiyo, akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kama sanaa ingekuwa mchezo tu, nani angetuma polisi kubomoa mbao? Mnapoulizwa wajibu wa sanaa kwenye jamii, msinijibu kwa sentensi za mtihani. Niambieni kazi yenu imemwonyesha nani kitu ambacho alikuwa hakioni.

Mengine ni haya, siyaelezi. Jifunzeni kuandika mapato na matumizi. Fungueni akaunti ya kazi tofauti na ya matumbo yenu. Lipeni mafundi kabla ya kujilipa. Hifadhini nakala za kila rasimu na tarehe zake. Msichukue picha ya mtu bila ruhusa hata kama ni maskini, hasa kama ni maskini. Ingieni kwenye vyama. Laleni.

Nyie kumi na moja, sasa naongea na nyie peke yenu. Sijawachoka. Lile tukio la redio limenikaa kichwani, nimelifikiria mara nyingi kuliko vitabu vingine nilivyosoma mwaka huu, na naumia kufikiria halitaonwa na mtu mwingine. Filamu haijafa. Haki zimetawanyika mikononi mwenu na mikono hiyo yote bado iko hai. Mnachohitaji ni kurasa mbili: nani alifanya nini, nani ana asilimia ngapi, nani anaruhusiwa kusaini kwa niaba ya wote, hela zikija ziingie wapi, mmoja akijitoa inakuwaje, tarehe na saini. Aliyepiga muziki aombwe kwanza msamaha, ndo mengine yafuate, maana hakuombwa vizuri. Zile picha za zamani, kama mwenyewe hapatikani, zitoeni, na wewe mhariri najua utalia ila una uwezo wa kuziba hilo pengo.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa kwenye kile chumba cha mazoezi, ufunguo nimeshauomba. Mwandishi na mwongozaji mkae viti vya pembeni yangu, mmoja kulia mmoja kushoto. Njooni na hiyo diski, kalamu nitakuja nazo.

Mzee wenu wa gitaa